Kurekodi emo rap chumbani, Kigoma

Biti ya emo rap (rap ya huzuni na hisia za ndani) inataka gitaa la huzuni linalojirudia na besi nzito ya kielektroniki iitwayo 808. Tempo weka mapigo 140 hadi 150 kwa dakika, ila snea (ngoma ya mlio mkali, mkavu) ipige pigo la tatu tu katika kila mapigo manne. Ndiyo maana wimbo unasikika kama unaburuta miguu.

Kazi iko kwenye sauti. Chumba cha bati kisicho na dari, pale Mwanga au Gungu, mvua ikianza acha kabisa: kelele ile huitoi bila kuharibu sauti. Simamisha godoro nyuma yako kupunguza mwangwi, maiki iwe sentimita 15 toka mdomoni, na unapopaza, kipimo cha sauti kwenye programu ya kurekodi kisivuke -6 dB (desibeli).

Kabla ya kuwasha autotune (programu inayovuta sauti yako iende kwenye noti sahihi), tafuta ki ya biti, yaani kundi la noti inazotumia. Biti iko A maina, wewe autotune umeiacha C maina? Noti zitaruka hovyo, na wengi hapo hulaumu koo. (C meja haina shida, noti ni zilezile za A maina.) Kasi ya autotune kurekebisha noti iwe milisekunde 0 hadi 20.

Kiitikio kiimbe mara tatu: moja katikati, nyingine mbili kushoto na kulia, hizo zikiwa chini kwa dB 6 hivi. Ukinakili ile ya kwanza, sauti haitanuki, inaongezeka ukubwa tu.