GPS ya pikipiki: uliza ramani kabla ya bei

Kama unapanga kuvuka Tunduma kwa pikipiki, upite Zambia hadi Namibia, usinunue GPS kabla hujajua imebeba ramani za nchi zipi. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya mara nyingi huja na ramani za Ulaya tu. Ukikiwasha Mpika, kaskazini mwa Zambia, unaona mshale ukitembea kwenye kioo kitupu. Ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, ni za bure, na vifaa vingi vya GPS vya kampuni ya Garmin vinazipokea. Zipakue ukiwa nyumbani, kisha zima intaneti uhakikishe njia yako yote ipo.

Nenda dukani na glavu zako uone kama kioo kinaitikia ukikigusa nazo, kisha ukijaribu nje juani, maana ndani ya duka kila kioo kinang'aa. Kwa mvua tafuta alama ya IPX7: kifaa kinahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

Simu je? Mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone. Mimi yangu hukaa mfukoni kama akiba, ramani zikiwa zimeshapakuliwa.