Umeneja wa muziki kwa kikundi: wimbo mmoja, wiki 12

Kikundi kinachojifunza umeneja wa muziki kwa kusikiliza mada tu hakidumu. Kinachodumu kina wimbo halisi mezani, msanii aliyekubali, na hela ya wanakikundi inayoweza kupotea. Watu sita wanatosha. Wakizidi wanane, wengine wanageuka watazamaji.

Kila mmoja achange shilingi 10,000 kwa wiki. Kwa wiki 12 mtakuwa na 720,000 za usambazaji, nauli, matangazo madogo na saa moja ya wakili. Ziwekeni M-Koba (huduma ya akiba za vikundi ya Vodacom Tanzania) au kwenye akaunti ya benki yenye saini mbili, si kwenye simu ya mtu. Gawaneni kazi: meneja, mweka hazina, mtu wa mikataba, wa usambazaji, wa shoo, wa matangazo. Badilishaneni kila baada ya wiki tatu, na anayeondoka akabidhi kwa maandishi: daftari, nywila, na mambo ambayo hayajakamilika. Makabidhiano ya mdomo ndiyo yanayowaumiza wasanii wanapobadilisha meneja, kwa hiyo msiyaruhusu hata kwenye mazoezi.

Anzeni na mgawanyo wa haki za wimbo, na upeni wiki zote tatu za mwanzo. Wimbo mmoja una haki mbili: utunzi (mashairi na melodia) na rekodi yenyewe, yaani masta. Kila moja ina asilimia 100 yake. Mwanamuziki, mwandishi na prodyuza waandike kila mtu peke yake kile anachodhani ni chake, kabla ya kuzungumza. Jumlisheni. Mara nyingi itavuka 100, na hapo ndipo kikundi kinajifunza kusuluhisha. Karatasi ya mwisho iwe na majina kamili, majina ya kisanii, asilimia za utunzi, asilimia za masta, tarehe na saini. Isainiwe kabla wimbo haujatoka. Wimbo ukishapata jina, kila aliyepita studio atakumbuka kwamba alichangia kiitikio.

Ulizeni pia biti imetoka wapi. Biti iliyokodiwa mtandaoni bila haki ya kipekee inaweza kuwa imekodiwa na watu wengine wengi. Mkiisajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi za wenye haki, mtaanza kudaiana na wageni, na leseni nyingi za namna hiyo zinakataza usajili huo. Someni leseni yenyewe, msitegemee neno la muuzaji.

Hakimiliki huzaliwa kazi inapotungwa, lakini usajili ndio ushahidi wenu. Nendeni ofisi ya hakimiliki: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar COSOZA, Kenya KECOBO. Kwa Tanzania Bara, msanii awe pia amesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ulizeni mapema kuhusu vibali kabla hamjapanga shoo.

Wiki ya nne hadi ya sita ni mkataba wa msanii na meneja. Kamisheni ya kawaida ni asilimia 15 hadi 20, ila ugomvi uko kwenye swali la asilimia ya nini. Fanyeni hesabu hii wote kwa kalamu. Shoo imelipa 2,000,000, gharama 900,000, kamisheni asilimia 20. Ikikatwa kwenye pato ghafi, meneja anachukua 400,000 na msanii anabaki na 700,000. Ikikatwa baada ya gharama, meneja anapata 220,000, msanii 880,000. Tofauti ya 180,000 inatoka kwenye neno moja la mkataba. Andikeni pia muda wa mkataba, nani anaidhinisha matumizi na kuanzia kiasi gani, na kamisheni itashuka vipi baada ya kuachana. Kwa mfano asilimia 20, kisha 10, kisha 5, halafu basi. Saa ya wakili itumieni hapa, mkiwa na rasimu mkononi. Ukimpelekea wakili karatasi tupu, saa yote inaishia kwenye maelezo.

Usambazaji hauna siri kubwa, unataka usahihi tu. Pakieni wimbo kwa msambazaji, yaani huduma inayoupeleka Spotify na mitandao mingine, wiki nne kabla ya kutoka. Spotify inataka ombi la kuingia kwenye orodha zake za nyimbo lifike angalau siku saba kabla ya kutoka, na orodha zake haziwezi kuombwa kwa wimbo ambao tayari umetoka. Jina la msanii liandikwe kwa herufi zilezile kila mahali, maana nafasi moja iliyozidi inaweza kuzaa ukurasa wa pili na wasikilizaji wakagawanyika. Rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye tarakimu na herufi 12. Mkihama msambazaji, hamisheni namba ileile. Mkipewa mpya, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza upya. Remiksi ni rekodi nyingine, ipewe namba yake.

Jazeni taarifa za kodi za Marekani kwenye YouTube mapema. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato ya watazamaji wa huko hukatwa asilimia 30. Msipojaza kabisa, makato yanaweza kugusa mapato ya nchi zote.

Shoo ndogo ije wiki ya kumi. Mfano wa bajeti: ukumbi 300,000, vyombo na fundi mitambo 450,000, ulinzi 120,000, matangazo 200,000, msanii 350,000, vibali na dharura 180,000. Jumla 1,600,000. Kwa tiketi ya 10,000 mnahitaji watu 160 ili mrudishe hela. Kama ukumbi unachukua 200 na mkitoa kadi 30 za bure, faida ni 100,000 ukiwa umejaa kabisa. Bajeti hiyo ni kubwa mno kwa shoo ndogo. Kateni gharama au tafuteni mdhamini hadi watu 110 watoshe kurudisha hela, maana mvua ya jioni moja inatosha kuwazuia wengi nyumbani.

Baada ya wiki 12 msivunje akaunti. Malipo ya mitandao mingi huchukua miezi miwili au mitatu kufika, kwa hiyo pangeni kikao kimoja karibu wiki ya 20: ripoti ya msambazaji mezani, karatasi ya mgawanyo pembeni, na mweka hazina alipe kila mtu mbele ya wote, akiandika hata kiasi cha shilingi 300.