SOMO: Jinsi ya kukusanya mipira iliyosainiwa na magwiji wa futiboli ya Kimarekani bila kuuziwa feki

Wakuu, salaam. Kadhaa wenu, hasa mlioko Minneapolis, Dallas na Columbus, mmeniomba nieleze namna ya kuanza kukusanya mipira yenye saini za magwiji wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Naandika kwa kirefu kwa sababu soko hili limejaa feki, na mgeni ndiye anayeliwa kwanza. Msimamo wangu ni huu: jifunze kuusoma mpira kabla hujaisoma saini. Saini mtu anaweza kuifanyia mazoezi usiku na mchana hadi ifanane. Mpira una tarehe zake, na waghushi wengi hawajisumbui kuzikagua.

Hatua ya 1: Chagua unachokifuata

Usinunue kila jina linalopita. Wapo wanaokusanya Green Bay Packers wa enzi za kocha Vince Lombardi peke yao. Wapo wanaowafuata Miami Dolphins wa msimu wa 1972, walioshinda mechi zote 17. Mimi nawapenda wale waliokuwa wakikimbia na mpira mikononi: Jim Brown, Walter Payton, Barry Sanders, Emmitt Smith. Ukiwa na eneo dogo utazizoea saini chache kwa undani, na jicho litastuka lenyewe likiona kitu kisicho sawa.

Hatua ya 2: Usome mpira

Hapa ndipo penye somo lenyewe, msiharakishe.

Kampuni ya Wilson imekuwa ikitengeneza mpira rasmi wa NFL tangu 1941. Tangu 1955 mipira hiyo inatengenezwa na mafundi katika kiwanda cha Ada, mji mdogo jimboni Ohio, na ngozi yake ya ng'ombe inatoka kwa watengenezaji wa ngozi wa Horween huko Chicago. Mpira rasmi ulipewa jina "The Duke", lakabu ya Wellington Mara, mmiliki wa timu ya New York Giants. Jina hilo lilikuwepo hadi 1969, likaondolewa NFL na ligi pinzani ya AFL zilipoungana, kisha likarudishwa 2006 baada ya Mara kufariki.

Angalia pia saini iliyopigwa chapa kiwandani, ile ya kamishna wa ligi. Pete Rozelle aliongoza kuanzia 1960 hadi 1989, Paul Tagliabue kuanzia 1989 hadi 2006, na Roger Goodell tangu 2006.

Sasa weka tarehe hizo kando ya tarehe za magwiji. Lombardi alifariki Septemba 1970. Walter Payton alifariki Novemba 1, 1999. Johnny Unitas alifariki Septemba 11, 2002. Ukiletewa mpira wenye chapa ya Goodell na saini ya Payton, basi umeghushiwa, hata kama una vyeti vitatu na picha ya muuzaji akiwa na familia yake. Huhitaji mtaalamu wala hadubini. Mpira haukuwepo duniani marehemu alipokuwa hai.

Kanuni hii inafanya kazi upande mmoja tu, shikeni hilo. Mpira wa zamani wa Rozelle unaweza kusainiwa leo na Joe Montana, na ni halali kabisa. Pia mghushi mwerevu anaweza kutafuta mpira wa zamani na kuuchorea. Kwa hiyo tarehe zinakusaidia kukataa. Hazitoshi kukufanya ukubali.

Maneno yanayoongezwa chini ya saini nayo yana tarehe. Wengi walioingizwa katika Pro Football Hall of Fame, jumba la heshima lililoko Canton, Ohio, huandika HOF na mwaka wao: Unitas 1979, Payton 1993, Montana 2000, Sanders 2004, Emmitt Smith na Jerry Rice 2010. Mwaka ukikosewa, weka mpira chini na uondoke. Mchezaji husubiri misimu mitano baada ya kustaafu kabla ya kufikiriwa. Tom Brady alistaafu moja kwa moja Februari 2023, hivyo mpira wa Brady wenye HOF na mwaka ulio kabla ya 2028 haufai hata kuulizwa bei.

Hatua ya 3: Ngozi tupu au kipande cheupe

Mpira una vipande vinne. Ule wa mechi ni kahawia kote na una vipelepele. Hapo saini huandikwa kwa kalamu ya rangi ya fedha au dhahabu. Mwingine hutengenezwa ukiwa na kipande kimoja au zaidi vyeupe na laini, maalumu kwa saini, na huandikwa kwa maka ya bluu au nyeusi. Kwa anayeanza nashauri cheupe, kwa sababu mistari ya saini inaonekana wazi na ni rahisi kuilinganisha na nyingine. Ubaya wake ni kwamba huwa cha njano kadiri miaka inavyokwenda. Ngozi kamili inapendeza zaidi kabatini, ila rangi ya fedha hupasuka mpira ukilegea. Vyovyote iwavyo, jaza upepo vizuri kabla ya kusainiwa, maana kalamu huruka juu ya mpira uliolegea, na usiuguse hadi wino ukauke.

Hatua ya 4: Pa kuzipata

Saini bora ni ile uliyoiona ikiandikwa. Julai na Agosti timu nyingi huwa na siku za mazoezi ambazo mashabiki wanaruhusiwa. Green Bay wana desturi nzuri mno: wachezaji huenda mazoezini kwa baiskeli za watoto wa mji ule, na mtoto anakimbia pembeni akiwa amembebea kofia ngumu. Wazazi mlio karibu, wapelekeni watoto. Agosti pia magwiji wengi hukusanyika Canton kuwapokea wanaoingizwa. Vilevile kuna maonyesho makubwa ya kila mwaka, National Sports Collectors Convention, ambako unanunua tiketi ya saini na kusimama mbele ya gwiji mwenyewe.

Kwa posta inawezekana. Tanguliza barua fupi ya mkono kuuliza kama anasaini mipira na kama anatoza, na uweke bahasha yenye stempu ya kurudishia jibu. Usitume mpira kabla ya kujibiwa.

Hatua ya 5: Hakiki

Kampuni za kuhakiki saini zinazoaminika sokoni ni PSA/DNA, JSA na Beckett. Fahamuni tofauti moja: kuna saini iliyoshuhudiwa na mfanyakazi wao ikiandikwa, na kuna iliyochunguzwa baadaye na kutolewa maoni. Ya kwanza ina uzito zaidi. Namba ya stika wanayoibandika itafute mwenyewe kwenye tovuti yao, kisha linganisha maelezo na mpira ulio mkononi mwako. Cheti alichokichapa muuzaji peke yake hakina thamani. FBI walipoendesha Operation Bullpen kutoka San Diego miaka ya 1990, walikuta mtandao ulioghushi saini na vyeti vyake pamoja.

Chukua kioo cha kukuzia. Mkono wa kweli unakwenda kwa kasi na mstari unaisha kwa wembamba. Anayeiga huenda polepole, anatetemeka, anasimama mahali pasipo na sababu na wino unavimba pale. Saini mbili zinazolingana kila mkunjo zimetoka kwenye mashine. Na mipira ya ukumbusho yenye saini za timu nzima mara nyingi imechapwa kiwandani: wino wote una rangi moja, hakuna mstari unaopanda juu ya mwingine.

Hatua ya 6: Tunza

Kasha lenye kinga ya mwanga mkali, mbali na dirisha, mbali na hita. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Houston: *Mkuu, kuna mzee anauza mpira wa Unitas, umeandikwa The Duke. Nichukue?*

Kaka, soma kamishna kwanza. The Duke yenye Rozelle ni ya miaka ya 1960, Unitas akiwa kwenye ubora wake na Baltimore Colts. Inastahili kupelekwa kuhakikiwa. The Duke yenye Goodell ilitengenezwa yeye akiwa kaburini. Halafu zingatia kwamba Unitas alisaini vitu vingi sana baada ya kustaafu, hivyo usitishwe na maneno kwamba saini yake haipatikani.

Mwanachama, Columbus: *Mpira wangu umelegea. Niujaze?*

Ndiyo dada, lakini polepole. Lowesha sindano ya pampu kidogo ili usichane kibofu cha ndani. Mpira wa mechi hujazwa kati ya psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 12.5 na 13.5, wako hauchezwi, jaza hadi mikunjo itoweke tu, uishie hapo.

Mwanachama, Nairobi: *Sisi wa huku tunaweza kushiriki?*

Mnaweza, na mna pa kuanzia palipo karibu na nyumbani. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, alijiunga na Indianapolis Colts 2013. Si gwiji kwa takwimu, lakini kwa mkusanyaji wa Nairobi mpira wenye saini yake una maana ambayo wa Montana hauna. Mkiagiza, mwambieni muuzaji asiutoe upepo wote, maana ngozi ikikunjwa saini inapasuka. Ushuru wa forodha uulizieni kabla ya kulipa.

Mwanachama, Minneapolis: *Kwa nini mpira usio na saini huuzwa ghali kuliko uliosainiwa?*

Kwa sababu ya tukio lake, ndugu. Machi 2022 mpira ulioaminika kuwa wa pasi ya mwisho ya Brady ya kufunga ulinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola 518,000. Siku iliyofuata Brady akatangaza kwamba anarudi uwanjani, na mauzo yakafutwa. Wewe nunua saini; mipira ya matukio waachie wenye wanasheria.

Mwanachama, Dallas: *Saini ya Emmitt Smith imefifia. Naweza kuipitishia maka juu?*

Hapana, hapana kabisa. Ukiipitia, saini inakuwa yako na hakuna mhakiki atakayeipokea. Ipige picha leo, itoe kwenye mwanga na uiache hivyo ilivyo. Kama Smith anasaini kwenye maonyesho ya karibu nawe, mpelekee mpira huohuo asaini kipande kingine.