Wakutubi, hesabuni na vitabu vya mezani

Mkutubi anayepima huduma kwa daftari la kuazima peke yake anaona nusu ya kazi. Kamusi, magazeti na vitabu vya rejea haviazimwi, ila mezani havipumziki. Waombe wasomaji waviache hapo hapo badala ya kuvirudisha rafuni. Jioni, kabla ya kuvipanga, chora vijiti, kimoja kwa kila kitabu kilichoachwa mezani, chini ya kila fungu la Dewey (mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada): 300, 500, 600. Chagua wiki ya kawaida. Wiki ya mitihani itakudanganya.

Kisha linganisha asilimia. Tuseme fungu la 600, lenye tiba, kilimo na ufundi, ni asilimia 10 ya vitabu vyote lakini linabeba asilimia 25 ya matumizi. Gawanya 25 kwa 10, unapata 2.5. Ikizidi 1 hivyo, vitabu vimezidiwa na wasomaji. Ikiwa chini sana ya 1, usikimbilie kuvitoa. Huenda vimechakaa tu. Kitabu cha kodi cha 1987 nani akifungue?

Kaunta nayo iwe na karatasi ya kuandikia kila kilichoulizwa kikakosekana. Takwimu hiyo naiheshimu kuliko idadi ya wanaoingia mlangoni. Siku ya mvua, mlangoni huingia wengi.