Mkienda Nyeri kwa siku moja, anzeni na mlima

Mnaobuku safari ya siku moja kwenda Nyeri, ongeeni na mwongoza watalii mapema gari litoke tao saa kumi na moja alfajiri, mlima uwe wa kwanza. Mlima Kenya una mita 5,199 lakini ikifika saa nne, saa tano hivi, mara nyingi mawingu yashaufunika wote na hamuoni kitu. Kaburi la Baden-Powell, yule mwanzilishi wa maskauti, hata mchana mtaliona, amezikwa hapo makaburi ya kanisa la St Peter's tangu 1941, na tafadhali msipite mbio, angalieni lile jiwe, lina duara na nukta katikati, ni alama ya maskauti ya kusema nimeenda nyumbani, inagusa sana. Halafu bebeni sweta nzito, hasa Julai.