Jinsi ya Kumwekea Mgonjwa Kikumbusho cha Dawa Kwenye Simu

Kabla ya kupakua programu yoyote, mhudumu wa afya aulize kwanza simu ni ya nani. Katika nyumba nyingi za Uganda simu moja hutumiwa na watu kadhaa, na asubuhi huondoka na yule anayekwenda sokoni. Kengele inayolia mfukoni mwa mtu mwingine haimsaidii mgonjwa, na huenda ikaitoa siri yake nje. Asiye na simu janja asilazimishwe kuitafuta, kwa kuwa hata simu ya vibonyezo ina kengele, na Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere iliwahi kuendesha huduma ya Call for Life, iliyowapigia wagonjwa simu kwa sauti iliyorekodiwa.

Ikiwa simu ni yake, chagua programu inayofanya kazi bila intaneti, maana bando huisha. Mwache abonyeze mwenyewe huku ukimwelekeza. Saa ndiyo hukosewa zaidi: mgonjwa akisema saa mbili usiku, kwenye simu panaandikwa 20:00, wala si 2:00, kwani Kiswahili na Kiganda huhesabu saa tofauti na simu.

Usikadirie idadi ya kengele, isome kwenye kadi ya dawa. Mgonjwa wa VVU anayemeza kidonge chenye dolutegraviri mara moja kwa siku anahitaji kengele moja. Akianza tiba ya kifua kikuu yenye rifampisini, dawa inayopunguza kiwango cha dolutegraviri mwilini, huongezewa miligramu 50 nyingine za dolutegraviri saa 12 baadaye, na hapo kengele huwa mbili. Kikumbusho kisitaje ugonjwa wala dawa. Maneno kama “kunywa maji” yanatosha.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni hali ya kuokoa betri, ambayo katika simu nyingi za Android huizima programu kimyakimya baada ya siku chache. Ingia kwenye mipangilio, uiruhusu programu hiyo ifanye kazi wakati wote, kisha weka kengele ya majaribio ya dakika mbili, mfunge skrini na msubiri pamoja mpaka ilie.

Alama ya “nimemeza” kwenye programu inathibitisha tu kwamba kitufe kilibonyezwa, kwa hiyo kila anaporudi kliniki hesabu vidonge vilivyobaki ukilinganisha na rekodi ya simu. Pakiwa na tofauti, muulize bila ukali. Kwa maoni yangu, anayeogopa kugombezwa atabonyeza kila siku hata kama hamezi. Mweleze pia kwamba akikosa dozi asimeze mbili kwa pamoja ili kufidia.

Tiba ya kifua kikuu ikimalizika, kengele ya pili isifutwe siku hiyohiyo, kwa sababu athari ya rifampisini huendelea kwa takriban wiki mbili. Ifutwe daktari atakapoiondoa dozi hiyo kwenye kadi.