Umealikwa Kwenye Programu ya Honasi Marekani? Uliza Haya Kwanza

Barua ya chuo cha Marekani ikija na mwaliko wa programu ya honasi (honors), yaani mpango maalumu wa masomo ya kina kwa wanafunzi waliochaguliwa, nyumba nzima hushangilia, na ni haki yao. Ila isome hadi mwisho kabla hujajibu. Honasi hii si daraja la shahada unalolijua matokeo yakitoka, kama tulivyozoea Nairobi au Dar es Salaam. Ni mpango unaouingia mapema na kuutumikia hadi unapohitimu.

Swarthmore College, Pennsylvania, ilianzisha wake mwaka 1922, na hadi leo wanafunzi wake hutahiniwa na wataalamu kutoka nje ya chuo. Vyuo vikuu vikubwa vya umma navyo vina vyuo vyao vya honasi ndani yake, kama Barrett pale Arizona State na Schreyer pale Penn State. Kwa kawaida utapata madarasa madogo, nafasi ya kuchagua kozi kabla ya wenzako, pengine na bweni lenu wenyewe. Mwishoni kuna tasnifu.

Darasa dogo ndilo huwatikisa wengi wetu. Tumelelewa kunyamaza mwalimu anapoongea. Kule mnaizunguka meza moja, profesa anauliza kisha anasubiri, na ukikaa kimya atadhani hukusoma. Nenda na hoja mbili ulizoziandika pembeni mwa ukurasa, useme moja mapema kabla maongezi hayajapamba moto. Siku ya kwanza ni ngumu, ya tatu inazoeleka.

Vyuo vingi pia hukuruhusu kuigeuza kozi ya kawaida iwe ya honasi kwa kukubaliana na profesa kazi ya ziada. Kwa mfano, kwenye kozi ya takwimu unaweza kuomba kuchambua bei za mahindi za Kitale. Makubaliano hayo huandikwa mwanzoni mwa muhula, kwa hiyo usingoje mitihani ikaribie.

Upande wa pesa, usikisie. Schreyer huwapa ufadhili wanaoingia mwaka wa kwanza. Barrett hutoza ada yake juu ya karo. Uliza pia wastani wa alama unaotakiwa ili ubaki, na yanayompata anayeteleza muhula mmoja.

Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, jambo hili lina uzito zaidi. Muhula ukiendelea, kazi ya chuoni haivuki saa 20 kwa wiki, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida anatakiwa abaki na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) zisizopungua 12 kwa muhula. Kozi ikikulemea, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kuiacha, maana kushuka chini ya hapo bila idhini kunaweza kukupotezea uhalali wa kuishi nchini. Kuacha honasi kwenyewe hakukunyimi shahada. Mzazi anayepiga simu kutoka Kisumu au Tanga aelezwe hilo tangu mwanzo, ili siku mtoto akijitoa asidhani amefukuzwa chuo.